Kana

Miaka ishirini na sita nimeunda meno ya bandia
chumba cha nyuma, kliniki ya Makadara.
Nayajua magego ya nusu ya Mvita:
nani hutafunia kushoto, nani husaga yake usingizini.
Kwa hiyo mashua ile ya faiba
iliyotupwa kwenye tope la Tudor, mikokoni,
yenye tundu ubavuni la kupita paka,
mimi sikuona chombo.
Niliona jino.

Nikachokonoa mpaka penye uzima,
nikakausha siku tisa,
nikakoroga gundi na dawa yake ya kugandisha
tone kwa tone, maana ikizidi hushika moto
ikakuchemkia koponi.
Nikaziba. Nikapiga msasa.
Nikapitisha kiganja, polepole,
kama ulimi unaokagua kazi ya daktari.
Nikaiita Gego.

Shemeji Mbaruku, karani wa forodha,
alisimama ukingoni na viatu vyake visafi:
"Mwiko, Bi Nuru, mwanamke kwenda maji makuu peke yake.
Mkono mmoja haulei mwana."
Nikamwambia, huyu si mwana, shemeji.
Ni gego. Halilelewi.

Nilijifunza kufunga kitanzi kwa mkono mmoja
chini ya shuka, stima ikikatika,
mpaka vidole vikaacha kuniuliza.
Kamba zote nikazileta ninapokaa.
Kana niliifunga kwa mpira wa baiskeli
ishike njia ninapopiga bomba la ngama.
Mkono mmoja wa chombo, mmoja wa roho yangu;
wa chai haupo.

Na kubisha:
sukuma kana, legeza, ngoja
omo ivuke upepo,
vuta.
Walio wawili hufanya hivi kwa kupigiana kelele.
Mimi hunong'ona.

Kutoka Kilifi, kusi likiwa usoni, ni kubisha tu.
Siku ya pili, asubuhi, nje ya mwamba wa Nyali,
nikiwa na ndizi mdomoni,
kana ikanikana.
Ilikatika shingoni, paa, nikabaki na kipande mkononi
kama mtu aliyeng'oa jino lisilo lenyewe.
Gego likageukia joshi, tanga likapiga makofi,
na kule mbele meli ya makontena
ndefu kuliko barabara ya kwetu
ilikuwa ikimngoja rubani wake,
au haikuwa ikingoja. Sikujua.

Mungu anisamehe, sikuanza na dua.
Nilianza na tanga la mbele: nikalipindua lishike upepo kinyume,
lile kubwa nikaliachia,
kisiki cha kana nikakifunga pembeni.
Chombo kikatulia
kama mgonjwa aliyekwisha kudungwa ganzi.
Dua ikafuata, fupi.

Gundi haikufaa; gundi hutaka saa zake,
na bahari haiandikishi miadi.
Nikaingia jikoni, hatua moja na nusu,
nikatoka na mwiko wa mvule, wa marehemu mama,
uliosonga sima ya arusi tatu na matanga mengi zaidi.
Nikaulaza juu ya mvunjiko,
nikauzungushia uzi wa nailoni, duru kwa duru,
meno yangu yakivuta ncha
(yangu mwenyewe, yote, isipokuwa mawili),
kama ninavyofunga taya lililopata ajali.

Kisha nikaujaribu. Ulilia.
Haukuteleza.

Meli ilipita mbali kuliko nilivyoogopa,
karibu kuliko nitakavyomsimulia dada yangu.
Nikaingia na maji ya kujaa, nikapita chini ya daraja la Nyali,
magari yakinguruma juu ya mlingoti,
hakuna hata mmoja aliyechungulia.

Kwenye daftari, kwa penseli:
bomba linavuta hewa.
Henza imechunika penye kapi.
Taa ya kijani imekufa tena.
Kana mpya, mti mgumu, usiwe na fundo shingoni.
Na chini kabisa: mwambie Mbaruku
ni kweli, mwiko.

Usiku ule nilisonga sima kwa kijiko.
Ikashika chini.
Nikaila hivyo hivyo, upande wa kulia,
ule wenye nguvu.